Asnakech na Viumbe wa Pipa la Injera

Jumanne asubuhi Asnakech Alemu alikalia kifuniko cha pipa lake, akakunja mikono, akasema kwamba anayetaka kumwaga kilichomo aanze kummwaga yeye.

Alikuwa amepika injera, mkate mpana mchachu wa Ethiopia, katika jiko la chuo cha afya cha Debre Markos kwa miaka kumi na mmoja. Unga wa tefi, nafaka ndogo ya huko, aliukoroga kwa maji na kuuacha siku tatu uchachuke, na kila mara aliuchachusha kwa ersho, yale maji ya manjano yanayoelea juu ya rojo lililotangulia. Ersho yake ilitoka kwa mama mkwe, ambaye naye aliipata kwa mama yake, wala haikuwahi kukatika. Kwa sababu hiyo pipa halikuguswa na sabuni. Katika jimbo lao la Gojjam, mwanamke anayesugua pipa la injera mpaka likang'aa huonewa huruma: siku ya tatu atatoa injera isiyo na vitundu, viitwavyo macho, kipofu kabisa, na wageni watauliza ni nani aliyeitoboa macho.

Wiki hiyo wanafunzi kumi na wanne, wote wa bweni la juu, walikuwa wameharisha. Mwalimu Melkamu, aliyefundisha somo la viumbe wadogo, alichukua tone la rojo, akaliotesha kwenye sahani ya maabara na kulikuta limejaa uhai. Hakuangalia zaidi. Akaagiza rojo lote limwagwe, pipa lisuguliwe kwa klorini, na injera ichachushwe kwa hamira ya pakiti. Asnakech hakuwa na akiba nyingine ya ersho. Ndugu zake walikwisha kuhamia mijini, nako walikuwa wakinunua injera dukani. Ikimwagwa hii, basi.

"Eteye, inuka hapo," Melkamu alimwambia, kwa jina la heshima wanaloitwa dada wakubwa. "Humo mna vijidudu."

"Vijidudu gani?"

"Vijidudu tu. Vimejaa."

"Nimekuuliza ni gani, mwalimu. Sikukuuliza ni vingapi."

Wanafunzi waliokuwa wakingoja chai walianza kusogea. Dirisha la jiko lilitazamana na darasa la Melkamu, na kwa miaka yote hiyo Asnakech alikuwa ameyasikia masomo yake huku akichochea moto wa majani ya mkaratusi. Alizijua himaya za viumbe, na alijua kwamba chini ya himaya mna makundi mengine, yakibanana hadi jenasi na spishi.

"Mwezi uliopita Birtukan alikujibu hivyo hivyo, vijidudu tu, ukampa sifuri," aliendelea. "Ukasema hilo ni jibu la mtu anayeulizwa nani yuko mlangoni, akasema ni mtu. Leo nikupe ngapi?"

Birtukan, mmoja wa wanafunzi hao, ambaye sifuri ile ilikuwa bado inamchoma, alicheka kuliko wote. Melkamu alijibu kwamba maabara si mahali pa wapishi. Asnakech akamwambia kwamba jiko nalo si mahali pa walimu, ila yeye amemvumilia tangu asubuhi. Kisha akamkalisha Birtukan juu ya kifuniko, akamwonya asiinuke hata akiitwa na mkuu wa chuo, akatangulia kwenda maabara.

Melkamu alipaka tone la rojo kwenye kioo, akalikausha, akalitia rangi ya zambarau, akaliosha, akamalizia kwa rangi nyekundu. Kazi yake ilikuwa safi, na Asnakech, anayeheshimu mkono usiotetemeka, aliliona hilo bila kulisema. Katika hadubini aliona vijiti vya zambarau, na kati yake vitu kama mayai, vikubwa zaidi, vingine vikichipua kitoto ubavuni.

Vijiti, Melkamu alieleza kwa sauti ya chini, ni bakteria waletao uchachu. Seli zao hazina kiini. Mayai ni hamira, wa himaya ya kuvu, wenye kiini katika seli kama sisi.

"Kwa hiyo hawa ni jamaa wa uyoga."

"Jamaa."

"Na wa kuharisha yuko wapi?"

Alikiri kwamba wale wa utumboni aliowashuku hushika rangi nyekundu, na kwamba kwenye uchachu mkali kama huo hawastawi. Hapa hakumwona hata mmoja. Asnakech akamuuliza ni wapi pengine alikochukua tone. Hakuwa amechukua popote.

"Basi panda darini, kwenye tangi la maji," alisema. "Injera yangu wanakula wote, na wewe umo. Maji ya tangi wanakunywa wale wa bweni la juu peke yao."

Siku mbili alipika bila kuligeuzia pipa mgongo. Siku ya tatu sahani ya maji ya tangi ilitoa vijiti vyekundu, vya familia ya wakazi wa utumboni. Klorini ikapelekwa darini.

Melkamu hakuomba radhi. Alimtuma Birtukan na chupa, akaombe ersho ya kufundishia. Asnakech aliirudisha chupa tupu, na neno kwamba mwenye shida yake aje mwenyewe, saa ya kupika.

Alikuja Jumatatu, akasimama ndani ya moshi, macho yakimtiririka. Asnakech alimwitikia salamu vizuri, akamimina rojo kwenye sinia la udongo kwa duara pana lisilokatika, akafunika. Zilibaki injera arobaini.

Hakuharakisha hata moja.