Karatasi Aliyoitafuna Mwanvua

Mkono wa kushoto wa Bi Mwanvua haunyooki. Ukimwona anapita mitaa ya Quitunda, tunakoishi sasa, na ile kolete yake ya uativista, kizibao kisicho na mikono, kapu kichwani, mkono umekunjwa kifuani, utadhani alizaliwa hivyo. Hakuzaliwa hivyo. Niliuvunja mimi Dauto, kwa mpini wa jembe, asubuhi moja ya mwaka 2018. Mgeni akiniuliza habari za mama huyu naanzia hapo, kwa sababu nikianzia kwingine nitajikuta najipamba.

Yeye ni mtu wa Quionga, aliyeolewa kijijini kwetu. Ujanani alikuwa akikamua mafuta ya nazi na kuyauza Palma, na ulimi wake ulijulikana soko zima. Mwaka 2011, wakati meli za kutafuta gesi zilipokuwa zikionekana baharini kila siku, akaona uvimbe kwenye titi. Waganga walimwambia ni jicho la husuda, wakamwambia ni maziwa yaliyoganda, wakamchanja kwa wembe. Mumewe alivuka kwenda Tanzania kununua bidhaa na mpaka leo hajamaliza kununua. Mwanvua akavuka Rovuma peke yake, akafika Mtwara, akapelekwa Dar es Salaam, akakatwa titi na kuchomwa mionzi. Aliporudi baada ya mwaka, hana nywele, amekonda, sisi tulikuwa tumekwisha kumsomea hitima. Akasimama katikati ya kijiji akauliza nani amekula wali wake.

Tangu hapo akawa ativista. Hakuna mshahara. Alikuwa akiingia nyumba kwa nyumba kutafuta wanawake wenye uvimbe au damu isiyokatika, anawapeleka hospitali, anagombana na kila anayesimama njiani. Mwanamke akiogopa, Mwanvua alitia mkono ndani ya blauzi akatoa kifurushi cha vitambaa, akakitupa mkekani. "Titi langu hilo, lishike. Limekuuma?" Wanawake walicheka mpaka machozi, kisha mmoja akabaki nyuma wenzake wakiondoka.

Mimi nilimchukia. Nilisema wazi kwamba simtaki uani kwangu, kwa kuwa anawafundisha wanawake kuondoka bila ruhusa. Mke wangu Zaida aliwahi kwenda zahanati bila kuniambia, nikampiga kwa mkanda mpaka mama yake akaja kumchukua. Alikaa kwao mwezi mzima. Ilibidi wazee waniombee ndipo akarudi. Nalisema hili mapema, maana bila hilo yanayofuata hayaeleweki.

Mwaka ule wa 2018 wachinjaji walianza kutukaribia. Sisi tuliwaita mashababi; wengine wao tulicheza nao utotoni. Waliingia kijiji cha jirani saa ya alasiri wakamchinja binamu yangu Rajabo shambani kwake, mbele ya mkewe. Tulimzika bila kichwa. Kesho yake kichwa kikaonekana kwenye njia ya kisimani, tukafukua kaburi tukakitia. Mimi ndiye niliyekibeba, kwenye gunia la mchele. Niliosha mikono siku nzima na bado naona kama sijaosha.

Basi tukafunga njia ya kutokea kijijini kwa kamba, tukaweka zamu. Mkubwa wetu alikuwa Bachir, seremala, mtu mpole ambaye wiki ile hakuwa mpole tena. Tulikuwa wanaume tisa wenye mapanga na mipini, hatujalala, hatujala vizuri, na maneno yalikuwa mengi: kwamba wachinjaji wana watu wao ndani ya vijiji, kwamba kuna wanaonyonya damu ya watu na kukata nyama kwa ajili ya dawa, ndiyo maana risasi haziwapati. Ukiniuliza kama niliamini, niliamini. Kichwa cha Rajabo hakikuwa na masikio.

Sasa nikuambie nisichokijua asubuhi ile. Siku mbili kabla, daktari mgeni wa upasuaji alikuwa amepita Palma. Alimkata mwanamke mmoja kipande kidogo cha nyama kutoka kwenye uvimbe wa titi, akakitia katika kichupa cha dawa ya kuzuia kuoza. Kichupa kilitakiwa kufika Pemba, si kile kisiwa bali mji mkuu wa jimbo letu, huko kusini, kupimwa, pamoja na guia, yaani karatasi yenye jina la mgonjwa na la mumewe. Gari la kwenda huko halikuwapo wiki ile, na Mwanvua akasema atakipeleka mwenyewe. Mwanamke huyo alikuwa Zaida, mke wangu. Mimi aliniambia anakwenda Quionga kumwona mama yake. Kabla ya kukubali kukatwa alimwapisha Mwanvua kwamba mumewe hatajua.

Jua lilikuwa limekwisha kupanda Mwanvua alipotokea na kapu lake, anakwenda kutafuta gari. Alitusalimu kwa utani kama kawaida yake, akauliza kama kamba yetu ni ya kuanikia nguo. Hakuna aliyecheka. Bachir akamwambia ashushe kapu. Alikuwa anainama kulishusha aliponiona mimi, nimeketi upande wa pili juu ya gogo, mpini mapajani.

Alitoa karatasi ndani ya kapu akaitia mdomoni.

"Anakula hirizi!" mtu akapiga kelele. Tulimrukia. Bachir alimkaba koo, mimi nikamtia vidole mdomoni nipate kuitoa, akaning'ata mpaka mfupani. Alitafuna huku anakohoa, akameza. Mwingine akamwaga kapu: kanga, mihogo ya kuchemsha, na kichupa cha plastiki. Bachir akakiinua kwenye mwanga. Ndani kulikuwa na kipande cha nyama kinachoelea, kidogo kuliko ncha ya kidole.

"Nini hii?"

"Nyama," alisema Mwanvua, anahema.

"Nyama ya nini?"

"Ya ntu. Ya ngonjwa. Inakwenda kupimwa Pemba. Nipeni nende zangu, inaharibika na jua."

"Ngonjwa gani? Nani jina lake?"

Nakumbuka alitutazama mmoja mmoja, na mimi akanipita haraka.

"Yangu," akasema. "Wamenkata mimi." Akafungua blauzi mbele ya wanaume tisa, mama wa miaka hamsini, akatuonyesha ubavu wake. Kovu lilikuwa jeupe, limelala, limepona miaka sita iliyopita. Mtoto mdogo angejua ni uongo.

"Nankuuliza mara ya mwisho," Bachir alisema. "Nyama ya nani?"

"Niueni, basi."

Fimbo ya kwanza ilikuwa yangu. Sitaki mtu aseme tulichanganyikiwa, au kwamba kundi lina akili yake. Nilichagua mahali. Nilimpiga mkono alioukinga nao uso, nikasikia mfupa unakatika, nikapiga tena palepale. Wenzangu wakaingia. Walimpiga mateke ya mbavu na ya tumbo, mmoja akamkanyagia nywele, mwingine akampiga mdomoni kwa ubapa wa panga, meno yakatoka pamoja na damu na vipande vya mihogo. Nilikuwa namwona Rajabo. Nilikuwa nalia, napiga, namtukana mama yake. Tukamfunga miguu kwa kamba yetu ileile, na Bachir akatuma mtu alete petroli kutoka kwenye pikipiki.

Aliyeleta petroli alipita kisimani, akawaambia wanawake tumemkamata Mwanvua na nyama ya mtu, tunamchoma.

Zaida alikuja anakimbia bila kilemba. Alipita katikati yetu, akamlalia Mwanvua, petroli ikammwagikia mgongoni. Kisha akainuka akavuta nguo yake chini. Kwenye titi la kulia kulikuwa na bandeji ya juzi, imelowa usaha kidogo pembeni.

"Ni yangu!" alisema. "Nyama yangu! Mimi nina kansa, mmesikia? Mchomeni na mimi!"

Wanaume wote waligeuka kunitazama. Mpini ulikuwa bado uko juu. Nauza aibu yangu bure: jambo la kwanza lililonijia halikuwa huruma. Ilikuwa hasira kwamba watu wamemwona mke wangu kifua wazi, na kwamba alinidanganya habari ya Quionga. Bachir alinishika mkono na kunipokonya mpini. Labda aliona kitu usoni mwangu.

Mwanvua hakuwa na nguvu ya kusema. Alijivuta kwa mkono mmoja mchangani, anapapasa. Kichupa kilikuwa kimepasuka chini ya miguu yetu, na kile kipande hatukukiona tena, kimekanyagwa na kuchanganyika na mchanga na damu yake. Alikitafuta hata hivyo. Sisi tisa tulisimama tunamwangalia mpaka Zaida akamwinua.

Daktari yule hakutarajiwa kurudi kabla ya miezi mitatu, na njia ya kusini kwenda Pemba ikafungwa na vita. Wiki ya nne, plasta ya kuungia mfupa ikiwa bado mkononi, Mwanvua alikuja uani kwangu. Hakunisalimu. Alimwambia Zaida afunge nguo, watavuka Rovuma kwenye kivuko cha Nhica waende Mtwara, kule anajua watu. Nikasema nitakwenda nao. Akasema mwenye miguu haombi ruhusa kwake.

Zaida yuko hai, Mungu ashukuriwe. Titi moja halipo, amechomwa mionzi, na sasa naye anavaa kolete. Bachir alikuja na mbuzi kuomba radhi, Mwanvua akampokea mbuzi, akamla, na radhi hakutoa. Lakini neno ninalolala nalo nililipata kule Mtwara, kabla ya yote hayo.

Tulikuwa kwenye benchi, Zaida katikati, tunangoja akakatwe kipande cha pili. Mwanvua alikuwa amekwisha kugombana na karani na kupata namba ya mbele. Mimi nilikuwa nimebeba vitu njia nzima, nimekaa kitako mbele ya Mwanvua mara mbili kuomba msamaha, na nilianza kujiona mtu mwema. Nikamwambia lile lililokuwa linaniwasha.

"Bi Mwanvua, kwa nini hukuniita pembeni ukaniambia ni ya nke wangu? Mimi ni numewe. Ningekupitisha palepale. Mkono wako ungekuwa nzima."

Alicheka kwa lile pengo la meno.

"Mimi ungenipitisha, baba, hilo najua," alisema. "Jioni ungerudi kwako. Ungempiga nani?"

Nilimgeukia Zaida. Nilingoja aseme hapana, Bi Mwanvua, usiseme hivyo, mume wangu asingefanya. Neno dogo tu, hata la kuniheshimu mbele za watu. Zaida alikuwa anakunja ukingo wa kanga yake, anaukunjua, anaukunja tena.

Karani akaita jina lake. Wakainuka wote wawili, Mwanvua akamshika mkono kwa ule mzima. Nami nikainuka.

"Wewe kaa hapa, Dauto," Zaida akaniambia, kwa upole kabisa. "Angalia mizigo."