Mkono Alioushika Mama wa Mwese

Siku ya kwanza kuripoti thieta, chumba cha upasuaji, nikiwa muuguzi mpya katika hospitali ya wilaya hapa Mpanda, miaka ya tisini ndiyo inaanza, nilijiona nimeoga nikatakata. Sista Msimamizi, mama wa Kifipa asiyecheka ovyo, akaniangalia mikono.

"Binti, hiyo ni safi au ni tasa?"

Nikaigeuza viganja juu, nikaitazama upya.

"Safi ni ya kulia ugali. Tasa ni kwamba hakuna kijidudu hata kimoja kilicho hai. Mikono yako hata uisugue mpaka jioni haiwi tasa. Ndiyo maana tunavaa glovu."

Nikafundishwa kusugua kwa brashi toka kwenye kucha hadi juu ya kiwiko, halafu kuinua mikono ili maji yachuruzikie kiwikoni, yasirudi vidoleni. Vifaa tulivipika kwa mvuke kwenye otoklevu, dude kama sufuria kubwa lenye mfuniko wa kukaza, tukiliwashia jiko la mafuta ya taa umeme ukikatika. Glovu zilikuwa adimu. Tulizifua, tukazijaza maji kutafuta matundu, tukazipaka poda na kuzirudisha kwenye mvuke. Nyie mnaochana pakiti na kutupa, mmekula asali! Na ukishazivaa hugusi kisicho tasa, hata pua ikuwashe vipi.

Asubuhi moja akaletwa mama kutoka Mwese, amebebwa kwa machela milima yote ile. Mtoto alikuwa amekwama tumboni, na mapigo ya moyo wake yanashuka, ikabidi mama apasuliwe. Nimeshavaa gauni na glovu, nasogea mezani, yule mama akanidaka mkono.

"Dada, mie nakufa? Usiniache mie!"

"Umeshachafuka!" Daktari akafoka. "Badili haraka!"

Nikajaribu kujinasua. Akazidi kunikaza, akataka hata kushuka mezani. Dawa ya usingizi ilikuwa bado, na mtoto hana muda. Nikamtazama Sista Msimamizi nikingoja kukemewa.

"Yaliyomwagika hayazoleki," akasema taratibu. "Huo mkono sasa ni wake. Mshike mpaka alale, mie nakufungulia glovu nyingine."

Nikamshika. Akatulia, mkono wake ukatulia na kuchomwa sindano, akalala. Nikavua vyote, nikasugua upya, nikavaa. Mtoto akatoka wa bluu, kimya. Sista akamsugua mgongo, akamsugua tena, mpaka akalia. Nami nikalia nyuma ya barakoa bila ruhusa ya kujifuta, na ni Sista yuleyule aliyenifuta kwa kipande cha gozi, kile kitambaa cha kufungia vidonda. Kidonda cha mama kilipona kikavu, hakikutoa hata tone la usaha.

Nimestaafu sasa, nafuga nyuki kule Ugalla, na wauguzi vijana bado wananifuata kuniuliza mambo ya thieta. Nawaambia sheria za utasa msizilegeze hata kidogo, zinaokoa watu. Lakini mgonjwa akikudaka mkono kabla hajalala, usimnyang'anye. Glovu utabadilisha. Kwake yeye, mkono wako huenda ndicho kitu cha mwisho anachokishika duniani.