Binti yangu ameandika kwamba vita ndivyo vilivyomvunja mama yake mkono

Ndugu wafuatiliaji, nawasalimu. Nimemwomba anayeendesha ukurasa huu afiche jina langu, kwa sababu huku Karatu tunajuana. Mimi ni mzee wa miaka sitini na minane, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, naishi upande wa Endabash na mke wangu. Nitaeleza hatua kwa hatua, mnivumilie. Ni tabia ya kazi.

Mwaka jana binti yetu wa kwanza alitoa riwaya. Inamhusu baba aliyepigana Vita vya Kagera, akarudi nyumbani na vita kichwani, akawa anampiga mkewe. Kuna sura moja ambayo watu huisoma wakalia: mvua kubwa inanyesha, radi inapiga, yule baba anadhani ni mizinga, na katika kuchanganyikiwa anamvunja mkewe mkono. Kila mtu anajua baba huyo ni mimi. Wazee wenzangu hunipa pole baada ya ibada. Vijana wa mjini wananiita Kamanda.

Sasa ukweli. Vitani nilikwenda, lakini sikupigana. Nililinda ghala la unga, mbali na mapigano, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Sikupiga risasi wala sikuona maiti. Niliporudi, mama yangu hakuniuliza kitu. Kwa desturi yetu sisi Wairaqw, mtu aliyeguswa na kifo hukaa mbali na watu kwa muda, asije akawaletea mkosi. Mama alikuwa ameshanitengea kibanda, kibuyu changu na bakuli langu. Watu walipita kwa mbali wakinitazama kwa hofu na heshima. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili. Ningewaambiaje kwamba nimetoka kulinda magunia? Nikakaa kibandani miezi kadhaa, na nilipotoka nilikuwa mtu aliyeona kifo. Uongo huo sikuusema kwa mdomo. Niliukalia tu.

Nilipooa nilimwambia mke wangu, yeye peke yake. Akasema, "Afadhali. Umerudi mzima." Akanitunzia siri.

Siku ya mkono ilikuwa alasiri ya kiangazi, jua kali, hakuna hata wingu. Walimu wenzangu walikuja nyumbani, nami nikawasimulia jinsi tulivyovuka mto chini ya risasi. Mke wangu alikuwa anamimina chai. Akasema kwa utani, "Mto gani tena, Mwalimu? Si ulisema ulikuwa unalala juu ya magunia ya unga?" Wakacheka, nami nikacheka. Walipoondoka nikafunga mlango. Haikuwa mara ya kwanza, ila safari hiyo mfupa ulivunjika, na haukuunga vizuri. Mpaka leo anasonga ugali kwa mkono wa kushoto.

Binti yetu alikuwa shuleni, ana miaka tisa. Aliporudi akamkuta mama yake amefungwa mkono kwa khanga. Mama yake akamwambia, "Si baba yako, mwanangu. Ni vita." Mtoto akalishika neno hilo, akakua nalo, akaenda nalo chuo. Radi aliiongeza mwenyewe. Naelewa kwa nini. Msomaji hakubali mhusika apige watu bila chanzo, kwa hiyo mwandishi humtafutia. Mimi mwenyewe nilikuwa nawauliza wanafunzi, "Nini kimemfanya mhusika awe hivi?" na aliyejibu "ni mkatili tu" nilimpa sifuri. Binti yangu alikuwa mwanafunzi wangu mzuri.

Kitabu kilipofika, mke wangu alisema macho yake hayaoni herufi, nimsomee. Nikasoma, yeye akichambua maharage ya ngwara kwenye ungo. Nilipofika kwenye radi akasema, "Rudia hapo, Mwalimu."

Nikarudia.

"Siku ile mvua ilinyesha?"

Nikalowesha kidole, nikafunua ukurasa.

"Haya, endelea. Ni kitabu kizuri."

Ningeweza kufa na hilo, nawaambia kweli. Lakini wiki iliyopita alikuja dada mmoja kutoka mjini, mumewe ni dereva wa watalii. Akanipigia magoti. "Shikamoo, baba. Nilikuwa nimeshaondoka kwa mume wangu. Nikasoma kitabu, nikamwelewa. Nimerudi kwake."

Mke wangu akamuuliza, "Mumeo yeye alienda vita gani?"

Yule dada akacheka akidhani anataniwa. Alicheka upande mmoja, kwa sababu shavu la pili lilikuwa limevimba.

Alipoondoka nilimwomba mke wangu msamaha, kwa mara ya kwanza katika maisha yetu. Hakuacha kuosha vikombe. Akasema, "Kamwambie aliyeandika. Mimi nilimdanganya mwanangu kwa ajili yako mara moja. Sirudii."

Jumamosi hii binti yangu amealikwa kwenye shule moja ya sekondari hapa Karatu, nami natakiwa kuwasomea wanafunzi ile sura ya radi. Amenipigia simu amejaa furaha: "Baba, uvae lile koti lako la jeshi. Bila wewe nisingejua kwamba mtu anaweza kuumiza wenzake bila kuwa mbaya."

Nikimwambia, nitamnyang'anya baba pekee mwema aliye naye, yule wa kitabuni. Nisipomwambia, yule dada atabaki kwa dereva wake akisubiri vita vimtoke kichwani.

Nishaurini. Nimwambie binti yangu kabla, tukiwa wawili, au nisimame Jumamosi mbele ya watoto niseme kwamba jua lilikuwa linawaka? Ila msinifariji kwamba vita huharibu watu. Najua vinaharibu. Wapo niliowafahamu ambao viliwaharibu kweli, wakaamka wakipiga kelele mpaka wamezikwa, na hawakuwahi kuwainulia wake zao mkono.

Mimi nililinda unga.