Ulimi wa Wilfred Oakden

Mtaani kwake, mjini Belper, Uingereza, watoto walimwita Babu Peremende, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwona akila peremende. Kila mwaka, mwezi wa Machi, kopo la peremende lilifika kwa posta kutoka Ludlow. Wilfred Oakden alilifungua pale pale mlangoni, akagawa zote mpaka chini, kisha akarudi ndani kunywa chai yake isiyo na sukari. Mkewe Hilda alishachoka kuuliza.

"Mwanamume mzima anaogopa sukari," alimtania mbele ya majirani. "Angeiogopa bia hivyo, leo tungekuwa matajiri."

Wilfred alicheka pamoja nao. Sukari hakuigusa.

Wakati wa vita vya pili vya dunia alikuwa fundi wa injini kwenye uwanja wa ndege huko Kent. Watu husifu mbawa za Spitfire, ndege ya vita ya Waingereza, na wasifu tu, mbawa ni mbawa. Uhai wa ndege ile ulikuwa injini yake, silinda kumi na mbili zilizopozwa kwa maji kama za lori. Waliotangulia walitumia maji matupu, yakachemka upesi na kudai rejeta kubwa iliyoizuia ndege kwenda mbio. Wakajaribu dawa ya kupozea peke yake, nayo ikapenya kila kiungo na kushika moto. Mwishowe wakachanganya dawa kidogo na maji mengi, wakayabana kwa shinikizo yasichemke, na ndege ikapata pua nyembamba na mbio za ajabu. Ila mbio hizo zilikuwa na bei yake: tundu moja la risasi kwenye bomba, maji yakatoka, na injini ikafia angani.

Dawa ile ilikuwa tamu. Asubuhi umande ulidondoka chini ya rejeta, na kwa macho huwezi kulitofautisha tone la umande na tone la dawa. Kwa hiyo mafundi walichovya kidole, wakaonja, wakatema. Likiwa halina ladha, ndege iruke. Likiwa tamu, ibaki chini. Daktari angewafokea, maana dawa ile ni sumu, lakini daktari hakuwepo pale kengele ya kuruka vitani ilipolia.

Rubani wa ndege ya Wilfred alikuwa Hugh Tarrant, kijana wa Ludlow mwenye masikio makubwa na maneno mengi. Nasema ndege ya Wilfred kwa sababu mafundi walihesabu hivyo: ndege ni yao, rubani anaazima. Mama yake Hugh alimtumia peremende, na kila asubuhi Hugh alimrushia fundi wake moja.

"Kodi yako hiyo, mwenye mali!"

"Uirudishe nzima basi, afande. Juzi umeniletea chujio, matundu matupu."

"Wagombeze Wajerumani, mimi nimefanya nini?"

Asubuhi moja ya Septemba Hugh alirusha peremende, Wilfred akaidaka kwa mdomo, wakacheka. Haijayeyuka bado, kengele ikalia. Wilfred akainama chini ya bawa, akaona tone, akachovya, akaonja. Tamu.

"Haiendi hii, afande! Inavuja!"

"Una uhakika?"

"Nimeonja!"

"Ulimi wako ukishasema, mimi nani?" Hugh akageuka, akaikimbilia ndege ya akiba. Alipunga mkono bila kutazama nyuma.

Ndege zilipoondoka, Wilfred alifungua vifuniko vya injini pamoja na Stan Birtles, fundi mwenzake wa bodi ya ndege. Walipapasa kila bomba na kila kiungo.

"Wilf, huku kukavu kabisa," Stan alisema. "Unatafuta nini, dhahabu?"

Peremende ilikuwa imekwisha mdomoni. Wilfred akachovya tena lile tone, akaonja. Halikuwa na ladha yoyote. Lilikuwa umande. Akaelewa hapo hapo. Utamu aliouonja ulikuwa wa peremende, na ndege aliyoizuia ilikuwa nzima.

Hugh hakurudi. Rubani mwenzake alisema aliona mvuke mweupe ukimwagika kutoka ndege ya akiba, risasi imepata bomba, halafu bahari. Sajini alimpiga Wilfred begani mbele ya wote na kumsifu kwa uangalifu wake. Stan akaendelea kufunga vifuniko vya injini. Tangu siku hiyo Wilfred alimwona Hugh kila alipofumba macho, akikimbia, mkono juu, hageuki.

Majira ya baridi alikwenda Ludlow kumpa pole mama yake Hugh. Bi. Tarrant alikuwa mjane, na Hugh alikuwa mwanawe wa pekee. Alimwandalia chai, akaweka mezani bakuli dogo la sukari ya mgao.

"Nilikuwekea. Hugh alisema unapenda vitamu."

"Asante, mama, ila siku hizi situmii."

Mama akalitazama bakuli. "Alisema pia kwamba unaionja ndege kama supu. Siku ile uliionja?"

"Niliionja."

"Ilikuwa mbovu?"

Wilfred alikuwa amekuja kusema kweli. Alimtazama yule mama, ulimi ukamwia mzito.

"Ilikuwa inavuja, mama."

"Basi ulijaribu kumwokoa mwanangu," alisema, akamletea koti lake. Machi iliyofuata, mwezi aliozaliwa Hugh, kopo la kwanza likafika.

Makopo yakaja miaka yote hiyo, na kila moja lilimuuma kuliko lililotangulia. Mpaka mwaka mmoja ikaja simu badala ya kopo: Bi. Tarrant yuko kitandani, anamtaka. Wilfred alikwenda. Alimkuta amekonda, mkono mmoja juu ya kopo.

"Hujawahi kula hata moja, sivyo?"

Wilfred alitikisa kichwa.

"Najua, mwanangu. Aliniambia kila asubuhi anakurushia moja. Ulipokataa sukari yangu nikakumbuka, na kabla hujamaliza kuvaa koti nilikuwa nimeshajua ulionja nini."

"Mama..."

"Ngoja nimalize. Nilizituma kwa uchungu. Nilitaka zikuume mpaka uje uniambie. Hukuja. Hasira ikaniisha, nikashindwa kuacha. Nani mwingine ningemtumia?"

Wilfred alipiga magoti kando ya kitanda. "Ilikuwa nzima, mama. Ndege yake ilikuwa nzima."

"Ndiyo," alisema. "Sasa fungua mdomo."

Akamwekea peremende ulimini. Ilikuwa tamu, utamu ule ule wa Septemba, na Wilfred hakuitema. Aliila yote, akilia, huku mama akimwangalia mpaka ikaisha.