Mtoto Aliyemwambia Babu Yake Angoje

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka huona aibu kwanza, kisha nacheka. Ni siku binti yangu Kabula, akiwa bado hajafikia umri wa shule, alipomwambia babu yake angoje.

Utaniuliza, kuna ajabu gani hapo? Watoto wenu wa leo huwaambia wakubwa ngoja, na wakubwa wakangoja. Lakini miaka ile kabla ya uhuru, huku kwetu Shinyanga, mtoto akiitwa na mkubwa alifika kabla jina lake halijamaliza kutamkwa. Kama alikuwa anakula, alimeza. Kama alikuwa analia, aliahirisha. Mimi mwenyewe baba aliwahi kuniita nikiwa juu ya mti, nikashuka kwa njia ya mkato, na goti langu la kushoto linakumbuka vizuri kuliko mimi.

Tulikuwa tunakaa Songwa, jirani na machimbo ya almasi. Nilikuwa nimerudi kutoka chuo kikuu kule Kampala, nikiwa na miwani ambayo macho yangu hayakuihitaji sana na maoni ambayo hakuna aliyeyaomba, nikapata kazi ya ukarani katika ofisi ya mgodi. Mke wangu, Mama Kabula, ndiye aliyesikia habari za Mwalimu Filomena. Huyu alikuwa mama wa Kigoa, yaani mwenye asili ya Goa, mjane, aliyejifunza India ule mtindo wa Montessori wa kulea watoto wadogo. Alipanga nyumba nyuma ya duka la vitambaa, akafungua shule yake binafsi kwa watoto ambao hawajafikia umri wa shule, na akapokea wa kila mtu, wa makarani, wa madereva na wa wenye maduka. Enzi hizo shule za Wazungu, za Wahindi na zetu zilikuwa mbalimbali kama vibanda vya kuku na mbuzi, kwa hiyo hilo peke yake lilitufanya tumwangalie kwa mashaka.

Mashaka yalizidi tulipojua wanachojifunza. Baba Sauda, dereva wa lori aliyetoka Ujiji, ambaye binti yake alikuwa huko pia, tulikuwa tukikutana naye mlangoni kuwachukua watoto.

"Wako amefundishwa nini leo, Baba Kabula?"

"Kumimina maji kutoka jagi moja kwenda jingine."

"Basi amepiga hatua. Wangu bado yuko kwenye kufunga vifungo." Akatazama ndani kuhakikisha mwalimu hasikii. "Na jana kamwambia bibi yake mzaa mama kikombe akirudishe pale alipokitoa."

"Bibi akasemaje?"

"Kakirudisha. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni."

Tulicheka, lakini hatukuwatoa. Ukweli ni kwamba watoto walikuwa wametulia. Kabula wangu, ambaye zamani alianza mambo kumi na kuyaacha yote katikati akilia, sasa aliweza kukaa mkekani na kunde na maharage, akavitenga, kunde huku, maharage huku, mpaka punje ya mwisho, kisha akavirudisha vyombo mahali pake. Kanuni ya Mwalimu Filomena ilikuwa moja: mtoto akishika kazi, hakatizwi. Yeye mwenyewe, mama mnene yule, alipita kati ya mikeka kwa kunyata.

Kanuni hiyo hatukuona ubaya wake mpaka baba alipokuja kututembelea.

Baba yangu alikuwa mfugaji, na maisha yake yote alikuwa hajapandisha sauti, kwa sababu hakuwahi kuhitaji. Jioni ile alikaa barazani, Kabula akiwa mkekani na maharage yake. Baba akamwita amletee maji ya kunywa.

Kabula hakuinua hata kichwa. "Guku, ngoja nimalize," akasema. Guku ndiyo babu kwa Kisukuma. Hilo la kungoja alilisema kwa upole kabisa, na nadhani huo upole ndio uliotuua.

Mama Kabula alitoka jikoni na mwiko mkononi. Mimi nilivua miwani. Mtoto aliendelea, harage moja, harage jingine, akamaliza, akakusanya, akapeleka vibakuli pembeni. Ndipo akaenda, akarudi na kata ya maji, akapiga magoti na kuitoa kwa mikono miwili, kama alivyofundishwa na mama yake.

Baba aliyatazama yale maji. "Yaliyongoja siyanywi," akasema.

Asubuhi yake aliniita, nami nilifika mbio. Akaniambia mtoto atakwenda kukaa naye kijijini. Hakuuliza. Ng'ombe wa mahari ya Mama Kabula walitoka katika zizi lake, na mtoto ni wa ukoo kabla hajawa wa karani. "Samaki mkunje angali mbichi," alisema. "Huyu wako ameanza kukauka."

Hapo ndipo nilipoona nitumie elimu yangu. Nilimweleza habari za akili ya mtoto, jinsi inavyojijenga, jinsi ilivyo hatari kuikatiza inapojikusanya mahali pamoja. Nilieleza kwa muda mrefu. Baba alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza:

"Ulikwenda mpaka Kampala kujifunza namna ya kumngoja mtoto?"

Niliingia jikoni. Mama Kabula alikuwa anakunja gauni za mtoto, anazikunjua, anazikunja tena.

"Wewe ndiye uliyesoma," akaniambia. "Sema naye."

"Nimesema."

"Umesema kwa Kiingereza."

"Nimesema kwa Kisukuma."

"Maneno yalikuwa ya Kisukuma," akasema, akafunga furushi.

Wapiganapo tembo nyasi huumia, mwanangu, na mimi nilikuwa nyasi yenye shahada. Nilimshika Kabula mkono nikaenda kwa Mwalimu Filomena, nikitumaini atasema amekosea, ili nimpelekee baba neno la kumtuliza. Hakusema hivyo. Aliniambia, "Sikumfundisha kukataa, Baba Kabula. Nimemfundisha kumaliza." Kisha akaomba aagane na mtoto, akamfunga kamba za viatu taratibu, ingawa Kabula alijua kuzifunga mwenyewe, na Kabula akamwacha afunge mpaka amalize.

Tulipanda lori la Baba Sauda, baba, mimi, mke wangu na Kabula, tukaenda kijijini kumkabidhi. Wakati wa kushuka Baba Sauda aliniambia pembeni, "Wangu namtoa shuleni mwisho wa mwezi, kabla mama yangu hajatoka Ujiji kuja kumchukua." Nikajua jambo limekwisha kuwa la watu wengi.

Jioni ng'ombe waliporudi, baba alikwenda kukamua. Kabula alimfuata kuangalia. Kijijini kule kukamua hakukuwa kazi ya maongezi. Ndama ananyonya kidogo ili maziwa yashuke, anaondolewa, halafu mkamuaji anaegemeza kichwa ubavuni mwa ng'ombe na kibuyu katikati ya magoti. Ukimshtua ng'ombe hapo, au ukimwacha katikati ukaenda kwingine, anabana maziwa, na usiku ule watoto wanalala na uji mtupu. Baba alimpa Kabula kamba ya ndama aishike. Kamba ilimshinda nguvu, ikabidi mimi nisimame nyuma yake niishike pia, huku nikijifanya siishiki.

Akatokea mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji aliyewekwa na mtemi. Hakuwa mtu wa kungojeshwa. Alisimama kwenye mlango wa zizi na fimbo yake, akamwita baba kwa jina.

Baba hakugeuka. "Ngoja nimalize," akajibu, na kichwa bado kiko ubavuni mwa ng'ombe.

Yalikuwa maneno yaleyale ya Kabula. Sijui kama baba alijisikia alivyosema, nadhani alikuwa bado. Mwanangwa naye hakukasirika hata kidogo. Alikuwa mfugaji, alijua. Lakini alikuwa mtu wa maneno, akaanza kuita tena, habari ya mkutano, habari ya majosho, na ng'ombe akaanza kuchezesha masikio.

Kabula akaniachia kamba. Akaenda mpaka kwa yule mkubwa, akapiga magoti, akamwamkia vizuri, kisha akamwambia kwa sauti ya chini ileile aliyokuwa akiitumia Mwalimu Filomena, "Guku hajamaliza. Kaa hapa." Akamburuzia kigoda.

Mwanangwa akakaa. Mlio wa maziwa kibuyuni ukakatika. Niliona mabega ya baba yanatikisika, nikafikiri ana hasira, na nikaanza kutafuta maneno ya kumwombea mtoto msamaha kwa watu wawili kwa mpigo. Kumbe anacheka. Alikuwa anacheka uso wake ukiwa umefichwa katika manyoya ya ng'ombe, bila sauti, ili asimshtue. Alipomaliza kucheka, maziwa yakaendelea. Alipomaliza kukamua, akainuka, akaenda kumsalimu mwanangwa kana kwamba hakuna kilichotokea.

Alipoondoka mgeni, baba alimwita Kabula. Mtoto alikuwa mikono mitupu, akafika mbio. Baba akampa kibuyu anywe wa kwanza, kabla yangu mimi, kabla hata yake mwenyewe.

Kesho yake alituambia: "Mrudisheni kwa yule Mgoa." Mama Kabula akaanza kufunga furushi palepale. "Lakini ajifunze kitu kimoja. Mtu akimwita, aitike kwanza. Aseme abee, namalizia, nakuja. Kuitika ni haki ya aliyeita, na kumaliza ni haki ya kazi. Asichukue moja akaacha nyingine." Halafu akanitazama mimi na miwani yangu. "Hayo ndiyo ulikuwa unataka kuniambia?"

"Ndiyo, baba."

"Ulizunguka sana."

Sikumbuki safari nyingine ya lori iliyokuwa na raha kama ile ya kurudi. Mama Kabula aliimba njiani, mwanamke ambaye hata kanisani huchezesha midomo tu. Nilimpelekea Mwalimu Filomena neno la baba, akalifikiri kidogo, akasema ni haki. Wiki ile ukipita nyuma ya duka la vitambaa ungesikia watoto wanaitika abee, abee, kisha wanarudi kwenye majagi yao. Baba Sauda hakumtoa wake. Mama yake alipokuja kutoka Ujiji aliitikiwa vizuri mpaka akataka kujua ni nani amemlea mjukuu.

Sasa, mwanangu, nasikia umepata mtoto na unatafuta shule. Mimi nimezeeka kiasi cha kutoa nasaha, ingawa si kiasi cha kutumaini zitafuatwa. Shule chagua wewe. Wala usiogope inayofundisha mambo yasiyofanana na shule. Nenda ukakae humo, uangalie. Lakini nyumbani, kabla ya kumwita mtoto, mtazame kwanza mikononi. Akiwa na kitu anachokijenga, na hakuna moto unaowaka, mwache akimalize, kwa sababu anayezoea kukatizwa utotoni akikua hujikatiza mwenyewe. Naye mfundishe kuitika, tena kwa sauti ya kusikika, maana hakuna kazi iliyo kubwa hata ikamfanya mtu kuwa kiziwi kwa mama yake. Na wazee wakija na hasira juu ya malezi yako, usiwafungulie vitabu. Wape nafasi waishi na mtoto siku mbili tatu. Mara nyingi tunagombana juu ya jambo ambalo sote tunalifanya, kila mtu kwenye zizi lake.

Nenda salama, mwanangu. Mungu akujalie watoto wanaosikia na wazee wanaocheka, na ukiwa na kazi njema mikononi, akupe muda wa kuifikisha mwisho.