Wastani Baada ya Bariyeri

Kutoka Kilembwe hadi Baraka nilitembea mpaka kucha za vidole gumba zikang'oka. Mgongoni nilibeba bidoni, dumu la mafuta ya mawese ya kumpelekea mama mdogo, muuza samaki wa Baraka, na chini ya shati, ndani ya mfuko wa plastiki, diploma yangu ya sekondari. Ilikuwa wakati wa vita vya pili na njia ilijaa bariyeri: kamba kati ya miti miwili, na askari ameketi kwenye dawati la shule fulani. Kila bariyeri ilikunywa mawese yangu. Misisi walimimina kwenye sufuria, Lulimba wakajaza chupa, na Fizi, pale juu ambapo ziwa linaonekana kwa mara ya kwanza, wakachukua yaliyobaki na kunirudishia bidoni kwa heshima, kana kwamba wamenisaidia mzigo. Nilipofika, mama mdogo aliifungua, akanusa, akacheka.

"Aksanti kwa harufu, mutoto yangu."

Nilikuwa nimekuja kufanya jaribio la hesabu. Chuo kimoja cha ualimu cha Uvira kilitangaza kwamba mwalimu wake angekuja Baraka kutupima. Atakayefaulu angeingia mwaka wa kwanza, kulekule Uvira. Atakayeanguka angebaki Baraka mwaka mzima katika darasa la maandalizi, walilolifupisha prepa. Mimi nilisomea lugha, takwimu sikuzijua, na Baraka ilinichosha tangu siku ya kwanza. Nilitaka Uvira. Baada ya Uvira, popote.

Aliyetuandaa kwa jaribio ni mwalimu mzee wa palepale ambaye shule yake ilikuwa imeng'olewa mabati. Alitukusanya nyuma ya kanisa na kipande cha ubao. Daftari zilikuwa shida, kwa hiyo alituambia tujifunze na tulichokuwa nacho, na tulichokuwa nacho ni samaki wa ziwani, mikeke.

"Mupime mikeke," alisema. "Mupange kutoka kadogo mpaka kakubwa. Ule wa katikati njo mediani. Urefu unaorudi mara nyingi njo modi. Mukijumlisha yote na kugawanya, mumepata wastani. Bugali na mboga, hakuna uchawi."

Basi kila asubuhi nilikuwa ufukweni na rula, nikiwalaza mikeke wa mama mdogo kwenye mkeka. Sijui kama kuna namna chafu zaidi ya kujifunza hesabu. Nzi walitembea juu ya macho ya samaki kisha juu ya midomo yangu. Ute wao ulifuta namba za rula. Magamba yalikauka kwenye karatasi kama kucha za watu. Nilinawa kwa majivu, nilinawa kwa mchanga, na bado nikikata tonge la bugali harufu ilipanda nalo. Leo, katika miji ya watu, nazunguka masoko nikitafuta harufu hiyohiyo. Wakati ule iliniletea kichefuchefu.

Siku moja niliwahi mitumbwi ikiwa bado inapakuliwa, nikaanza kupima mkeke mrefu kuliko wote. Mama mdogo alinipiga mkononi.

"Toa bakubwa kwanza! Unapima samaki ya benye bunduki?"

"Mama mudogo, mwalimu amesema tupime yote."

"Mwalimu wako iko na bunduki?"

Wanawake waliokuwa karibu walicheka mpaka wakashika viuno. Lakini ndivyo kazi ilivyofanyika pale. Wavuvi wenyewe waliwaweka wakubwa pembeni, juu ya jani la mgomba, kabla hata askari hajafika. Wakikuta wametengwa, askari walibeba na kuondoka. Wasipokuta, waliingia kwenye lundo na buti zao wakitafuta, na samaki wakapasuka matumbo. Kwa hiyo ufukwe mzima ulijua: wakubwa hawahesabiwi. Ni wa bariyeri. Nami nikawa natoa wakubwa, kisha natandaza rula yangu. Sote tuliotoka ufukweni tulifanya hivyo. Mwalimu alipokea majibu yetu, akayakagua, akayakuta sawa. Samaki waliokwenda hakuwaona.

Jaribio lilifanyika katika ukumbi wa kanisa. Swali la takwimu lilimhusu mvuvi mmoja na vikapu alivyopata kwa wiki, tutafute wastani: 5, 20, 4, 7, 5, 9, 6. Nilifurahi kama mjinga. Nilipanga namba vizuri, nikaweka 20 pembeni, nikajumlisha zilizobaki, nikagawanya kwa sita. Ikatoka sita, safi, bila koma. Niliona Uvira.

Mpimaji, yule mwalimu wa chuo, alisahihisha palepale, akatuita tuliotoka ufukweni.

"Munaigana? Jibu ni nane. Bote munaandika sita."

"Hapana, Profesa."

"Sasa nani alibafundisha kutupa ile makumi mbili?"

Msichana mmoja, binti wa mvuvi, alijibu kwa sauti ya kawaida kabisa: "Ile ni ya bariyeri, Profesa."

Mpimaji aliangalia dirishani, ambako askari alikuwa ameegemeza bunduki akila karanga. Alielewa. Nilimwona akielewa. Kisha akashusha sauti: "Mu hesabu hakuna bariyeri." Akaandika sifuri, na swali lile lilikuwa na pointi nyingi. Prepa, sote.

Mwalimu mzee alinishika bega. "Mwaka moja tu. Utazoea."

Neno hilo ndilo lililonifukuza. Nilikuwa nimeshazoea, kwa hesabu zangu zote, nilikuwa nimezoea.

Mtumbwi wa Kigoma, ng'ambo ya ziwa, uliondoka asubuhi iliyofuata. Mama mdogo alinifungia mkeke mmoja wa kukaushwa, mrefu sijawahi kuona, aliyemficha nyumbani kwa hofu kubwa chini ya sombe, majani ya muhogo, ili nimle njiani. Ufukweni askari alininyooshea kidole.

"Fungua mufuko."

Hakuwa amesema anataka nini. Mkono wangu ulikuwa umeshamchomoa yule mkeke na kumlaza pembeni, juu ya mchanga.

"Ah! Huyu iko na akili," askari akasema, akamwokota.

Mama mdogo alinitazama mara moja, halafu akarudi kwenye mikeka yake. Nilipanda. Katikati ya ziwa niliinama nikaosha mkono ule, nikausugua ubavuni mwa mtumbwi mpaka ngozi ikachubuka, na Baraka ikapotea nyuma yangu bila mimi kugeuka. Kigoma nilipoteremka, mkono bado ulinuka samaki.