Barua ya Mkazi Mwema

Miaka ile tulikaa Nsambya, kwenye nyumba za reli, na jirani yetu alikuwa akichoma takataka chini ya dirisha la mama. Mama alikuwa na pumu. Moshi ukiingia tu, anakohoa mpaka anashika ukuta.

Mtu mwenye akili angetoka nje akaongea na jirani. Mimi nilikuwa nimefika sekondari, na sasa nilishinda nyumbani kumwangalia mama, basi nikaandika barua. Niliorodhesha siku, saa, hata rangi ya moshi, nikaeleza kuwa unamkohoza mgonjwa, nikatia sahihi "Mkazi Mwema", nikaisukuma chini ya mlango wa mwenyekiti wa mtaa. Nilijiona mjanja kweli.

Nilisahau kwamba kwetu malalamiko husomwa mkutanoni Jumapili, mbele ya wote. Mwenyekiti akasoma kwa sauti: "Jumanne, saa nne asubuhi. Jumanne tena, saa nane na robo. Jumatano, saa tano..." Watu wakaanza kugeuka mmoja mmoja kunitazama. Mtaa mzima ulikuwa na mtu mmoja tu asiyetoka nyumbani.

"Dada," jirani akasema, "si ungeniita tu dirishani? Sikujua mama anaumwa."

"Angekuitaje?" mke wake akadakia. "Mikono ilikuwa na kazi ya kuandika."

Kesho yake jirani alihamishia moto wake kule nyuma ya vyoo, na mama akalala mchana kutwa bila kukohoa. Ila kila jirani alipopita na kiberiti aliniuliza, "Dada, leo tuandike saa ngapi?"

Nami, kwa aibu yangu, nilikuwa namtajia mpaka dakika.